Nyuki wa Marekani hawakufa kwa kukosa utafiti

Habari ya vifo vya nyuki Marekani imetufikia vipande vipande. Kuna wanaolaumu minara ya simu, wengine wanazitaja dawa za mashambani, na wapo wanaouliza swali ambalo linaonekana la busara: kama serikali ile imetafiti magonjwa ya nyuki kwa zaidi ya karne, mbona nyuki wanakufa kuliko zamani? Swali hilo sasa lina uzito wa kisiasa, kwa sababu Julai 2025 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza kwamba itaondoka kwa awamu katika kituo chake cha utafiti cha Beltsville, Maryland, mahali ilipo maabara kongwe ya nyuki ya taifa hilo. Hoja yangu ni kwamba swali limegeuzwa kichwa chini. Maabara za serikali zililiona tatizo hili mapema na kulitangaza. Kilichokosekana ni njia ya kulifikisha onyo hadi kwenye mzinga, na mtu wa kupima tena kila mwaka. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao nyuki wetu bado wanajimudu bila dawa, tukisoma habari hii vibaya tutanunua tatizo ambalo hatuna.

Tuanze na kilichotokea. Januari 2025 wafugaji wa biashara walifungua mizinga yao kujiandaa kuipeleka California, ambako mashamba ya lozi ya zaidi ya ekari milioni moja huchanua Februari na kuhitaji takriban mizinga miwili kwa ekari. Wakakuta mizinga ina asali lakini haina nyuki. Shirika la Project Apis m. liliwahoji wafugaji, na majibu yakaonyesha kwamba wale wa biashara walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 62 ya makundi yao tangu Juni 2024. Hasara ya nchi nzima ikakadiriwa kuwa makundi milioni 1.6 hivi. Watafiti wa serikali wakachukua sampuli. Juni 2025 wakatoa matokeo: virusi vya ulemavu wa mabawa vya aina mbili, A na B, pamoja na virusi vya kupooza kwa ghafla, vilikuwa vimejaa katika makundi yaliyokufa na yaliyokuwa yakifa. Utitiri wa Varroa, kidudu kidogo kinachoishi kwa kumla nyuki na kumwambukiza virusi, ulipopimwa, karibu wote ulikuwa na alama ya kijenetiki ya usugu dhidi ya amitraz, dawa ambayo wafugaji wa biashara wa nchi ile wamekuwa wakiitegemea kuliko nyingine yoyote.

Ili kuelewa kwa nini hilo ni zito, inabidi kuutazama utitiri wenyewe kazini. Utitiri jike huingia kwenye kijumba cha sega muda mfupi kabla nyuki hawajakifunika kwa nta. Baada ya saa 60 hadi 70 hutaga yai la kwanza, ambalo huwa dume, kisha majike, moja kila saa 30 hivi. Jana, yaani mtoto wa nyuki, likiwa la nyuki kibarua hukaa chini ya kifuniko takriban siku 12, kwa hiyo ni binti mmoja au wawili tu wanaowahi kukomaa na kupandwa humo humo ndani; jana la dume hukaa siku mbili au tatu zaidi, ndiyo maana utitiri hulipenda. Mwaka 2019 Samuel Ramsey na wenzake, baadhi yao wakiwa wanasayansi wa Beltsville, walionyesha kwamba chakula kikuu cha Varroa si damu ya nyuki kama vitabu vilivyokuwa vikisema, bali ni tishu ya mafuta iliyo chini ya tumbo. Tishu hiyo hufanya kazi kama ini: huhifadhi protini, husafisha sumu, huimarisha kinga. Katika nchi za baridi nyuki anayezaliwa Septemba anatakiwa aishi hadi miezi mitano au sita, si wiki sita kama yule wa kiangazi, na anaishi kwa akiba hiyo. Akizaliwa ameshaliwa na ameshachomwa virusi, kundi litaonekana zima Oktoba na litakuwa tupu Januari. Dawa ikiwekwa Novemba inaua utitiri, ila nyuki waliokwisha kuharibika hawarudi.

Varroa iliingia Marekani mwaka 1987, na historia ya kupambana nayo ni ya dawa moja baada ya nyingine. Ilianza fluvalinate, ikafanya kazi vizuri kwa takriban miaka kumi. Ikaja coumaphos mwaka 1999, na ndani ya miaka michache usugu ukaonekana. Kisha amitraz. Amitraz ilidumu kuliko zilizotangulia, na hilo likawalaza watu usingizi. Kibandiko chake, yaani ukanda wa plastiki wenye dawa, kinatakiwa kukaa mzingani siku 42 hadi 56, kibandiko kimoja kwa fremu tano, kwa sababu utitiri uliojificha chini ya vifuniko vya nta haufikiwi na dawa mpaka nyuki wazaliwe. Inabidi vizazi kadhaa vya majana vipite. Ukikitoa wiki ya tatu, uliokuwa umefichwa unatoka salama. Ukikiacha miezi minne, dawa inabaki kwa kiwango hafifu kisichoua, na utitiri wenye usugu ndio unaosalia kuzaa. Ongeza tabia ya kutumia kibandiko mara ya pili, na ile ya kuchanganya dawa ya mifugo yenye amitraz na mafuta kisha kulowesha nayo taulo za karatasi bila kipimo. Ukiwa na mizinga elfu kumi na vibarua wanne, unaona kabisa kwa nini mtu anashawishika.

Mwaka 2020 Frank Rinkevich, mtafiti wa maabara ya nyuki ya serikali iliyoko Baton Rouge, Louisiana, alichapisha kazi inayoonyesha kwamba katika baadhi ya manzuki za biashara amitraz ilikuwa imeshapoteza nguvu. Hii ni miaka mitano kabla ya vifo vilivyoshtua dunia. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Unakata kipande kidogo cha kibandiko, unakibana ndani ya chupa yenye mfuniko wa wavu, unatia nyuki wapatao 300 kutoka kwenye sega la majana, unaacha kwa muda wa saa tatu mahali pa kivuli, kisha unakung'uta na kuhesabu utitiri ulioanguka. Nyuki waliobaki unawaosha kwa spiriti ili kupata utitiri ambao dawa haikuuangusha. Ukianguka 45 na kubaki 5, dawa yako bado ina asilimia 90. Ukianguka 20 na kubaki 30, kibandiko unachonunua ni plastiki. Kazi ya nusu siku kwa manzuki moja, na matokeo yanakuambia hela yako ya mwaka mzima iende wapi. Sasa jiulize ni nani mwenye maslahi ya kwenda kuifanya kazi hiyo kwa wafugaji mia, kila mwaka, na kuyaweka majibu hadharani. Muuza dawa hana. Mfugaji mkubwa hataki mshindani ajue hali ya mizinga yake. Hapo ndipo fedha ya umma ilipaswa kuingia kwa uzito, na ndipo ilipoingia kwa kudonyoa.

Hoja za upande wa pili zipo, na si zote za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba ripoti ya 2025 haithibitishi chanzo. Kundi linalokufa hujaa virusi kama maiti inavyojaa nzi. Kuvikuta si sawa na kumkuta muuaji. Sampuli zilitoka kwa wafugaji wachache, na lishe duni, ukame na viuatilifu vya mashambani havijafutwa kwenye orodha. Nakubaliana na tahadhari hiyo. Lakini tazama inatupeleka wapi: ili kutofautisha chanzo na tokeo unahitaji sampuli za kundi lile lile kabla halijaugua, yaani za Juni na Agosti, si za Januari peke yake. Hiyo ni hoja ya kuongeza ufuatiliaji.

Ya pili ni nzito zaidi. Wanasema idadi ya makundi Marekani haijaporomoka. Imekuwa ikizunguka milioni mbili na nusu na kitu kwa miaka mingi licha ya vifo vya kila msimu, kwa kuwa mfugaji hugawanya kundi moja kuwa mawili, ananunua malkia, na Mei mizinga imejaa tena. Soko linajitibu, wanasema, hivyo serikali ikae pembeni. Takwimu ni za kweli, ila zinaficha gharama. Kundi lililogawanywa halitoi asali msimu ule, malkia mpya ananunuliwa, sharubati ya sukari inanunuliwa, na mfugaji anayebaki ni yule mwenye mtaji wa kuvumilia miaka miwili mibaya mfululizo. Kugawanya makundi kunajaza mizinga, lakini utitiri sugu unagawanywa pamoja na nyuki.

Ya tatu inahusu Beltsville yenyewe: majengo yamechakaa, ukarabati ni ghali, na kuhamisha watafiti si kuua utafiti. Ningeikubali kama kazi ya maabara ile ingekuwa ya aina inayofungwa kwenye maboksi. Mwaka 2019 wizara hiyo hiyo ilihamishia taasisi zake mbili Kansas City, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliotakiwa kuhama waliamua kuacha kazi. Mtu anayeweza kuangalia sega na kutofautisha majana yaliyooza kwa ugonjwa mmoja na mwingine hapatikani kwa tangazo la wiki mbili. Halafu kuna huduma ya uchunguzi, ambayo kwangu ndiyo moyo wa taasisi ile. Mfugaji yeyote wa Marekani, hata wa mizinga miwili, anakata kipande cha sega cha angalau sentimita tano kwa tano, chenye majana mengi yaliyokufa na kisicho na asali, anakifunga kwenye gazeti na kukiweka ndani ya boksi gumu. Hakifungi kwenye plastiki wala karatasi ya alumini, kwani kitatoa jasho na kuota ukungu njiani. Anakituma kwa posta na kupata jibu bila kulipa ada ya maabara.

Kwa nini bure? Hapa ndipo inapoanguka ile hoja dhaifu kuliko zote, kwamba mwenye nyuki alipie mwenyewe vipimo vya nyuki wake. Chukua ugonjwa wa kuoza majana wa Kimarekani, ambao bakteria wake walitambuliwa na G. F. White akiwa mtumishi wa wizara hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Jana changa lisilozidi siku mbili hula mbegu chache tu za bakteria, linakufa chini ya kifuniko, linageuka uji wa rangi ya kahawa. Ukichomeka njiti ya kiberiti na kuivuta taratibu, uji huo unafuata kama kamasi, uzi wa sentimita mbili na zaidi. Ukikauka unaganda kwenye ukuta wa kijumba kama gamba jeusi ambalo nyuki hawawezi kuling'oa, na mbegu zilizomo humo hudumu hai miaka 35 na zaidi. Antibiotiki huzuia dalili bila kuua mbegu hizo, kwa hiyo tiba ya uhakika ni kuchimba shimo, kuchoma masega na nyuki jioni wakiwa wote ndani, na kufukia. Sasa mwambie mfugaji alipe ili aambiwe achome mali yake. Hatalipa. Atafunga mdomo, kundi litadhoofika, na nyuki wa jirani aliye kilomita mbili watakuja kuiba asali na kuondoka na mbegu. Ugonjwa wa nyuki hauna uzio.

Upande wetu sasa. Varroa ilibainika Kenya na Tanzania mwaka 2009. Utafiti uliofanywa Kenya mwaka 2010 na kuchapishwa 2014, ukiongozwa na Elliud Muli na Harland Patch kwa fedha za mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, ulipima makundi katika maeneo 24, ukaukuta utitiri karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Ulikuta pia Nosema, vimelea vya utumbo wa nyuki, pwani. Lakini wingi wa utitiri haukuendana na udogo wa kundi: mizinga yenye utitiri mwingi haikuwa dhaifu kuliko mingine. Nyuki wetu hugawanyika mara nyingi, huhama, husafisha majana yenye kasoro, na majana yao hukaa chini ya kifuniko kwa muda mfupi kidogo kuliko ya nyuki wa Ulaya. Ni lipi kati ya hayo lenye uzito zaidi, bado kuna mjadala.

Mfano ulio karibu nasi ni Afrika Kusini. Varroa iliingia huko mwaka 1997, na wafugaji walitaka dawa mara moja. Mike Allsopp wa Baraza la Utafiti wa Kilimo, taasisi ya serikali, alifuatilia makundi yasiyotibiwa kwa miaka. Mengi yalipungua mwanzoni, kisha yakatulia; ndani ya miaka michache nyuki wa eneo la Rasi (Cape) walikuwa wameuzoea utitiri, na nyuki wa savana wakafuata baadaye. Ushauri wake ukawa: msitibu. Hakuna kampuni duniani inayoweza kuuza ushauri wa kutonunua kitu, na kama si fedha ya umma ushauri ule usingekuwepo. Nchi hiyo hiyo ilipata pigo la aina nyingine mwaka 2009, ugonjwa wa kuoza majana ulipozuka Rasi ya Magharibi, ilhali kanuni za kutaka asali ya nje ipigwe mionzi zilikuwepo. Kwa ugonjwa huo, kukaa kimya na kungoja nyuki wajizoeshe hakukutosha.

Kwa hiyo nyuki wetu kuwa imara si kinga ya kila kitu, na wanaosema hatuhitaji maabara wanakosea sawa na wanaosema tuagize vibandiko. Hili la vibandiko linanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu linakuja limevaa suti ya utaalamu. Mwongozo wa Kimarekani unasema osha nyuki 300, yaani nusu kikombe, kwenye spiriti ya asilimia 70, tikisa dakika moja, hesabu. Ukikuta utitiri 9, ambao ni 3 kwa kila nyuki 100, tibu. Njia ya kupima ni nzuri na inafaa hapa. Fanya tu jua likizama, bomba la moshi likiwa tayari, na hakikisha malkia hayumo kwenye sega unalokung'uta. Namba ya kuamulia ndiyo haifai: ilitengenezwa kwa nyuki wa Ulaya anayekabili majira ya baridi. Ukiitumia Tabora au Kitui utatibu makundi ambayo hayakuhitaji kutibiwa, utawaacha hai nyuki waliokuwa wanashindwa kujimudu, na baada ya miaka kumi utakuwa na nyuki wanaohitaji dawa pamoja na utitiri usioisikia. Mabaki ya dawa yatakuwa kwenye nta, jambo linalomgusa moja kwa moja muuzaji wa asali ya miombo anayepeleka mzigo Ulaya, ambako mpango wa serikali wa kupima mabaki kila mwaka ni sharti la kuingia sokoni.

Namba yetu wenyewe haitapatikana kwa mradi wa miaka mitatu. Icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, ilizindua maabara ya rejea ya afya ya nyuki pale Kasarani mwaka 2014 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, na Tanzania ina kituo cha utafiti wa nyuki Njiro, Arusha, chini ya TAWIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori, pamoja na chuo cha ufugaji nyuki Tabora. Majengo na watu wapo. Ugumu wa huku ni kwamba mzinga mtupu hausemi kitu kwa mtu asiyejua kuusoma. Kundi lililohama kwa njaa au kwa siafu huacha masega makavu, hayana asali wala majana. Lililokufa kwa ugonjwa wa majana huacha majana yaliyooza na magamba. Lililomalizwa na utitiri huacha asali iliyofunikwa, majana machache yaliyotawanyika, na ukigeuza sega na kuchungulia paa la vijumba utaona madoa meupe kama chumvi, kinyesi cha utitiri. Mrina asali wa mizinga ya magogo huandika mambo yote matatu kwa neno moja: wamehama. Mwanafunzi wa Tabora akifundishwa kuandika neno sahihi, pamoja na tarehe, aina ya mzinga na idadi ya utitiri kwa nyuki 300, kwenye manzuki zile zile mara mbili kwa mwaka, tutakuwa na kitu ambacho Marekani walikitafuta Januari 2025 wakakikosa.

Kuna mtihani mdogo wa kupima kama tumejipanga. Mfugaji wa Sikonge anakuta majana yanavutika kwenye njiti ya kiberiti. Anakata kipande chake, anakifunga kwenye gazeti, anakipandisha basi kama tunavyotuma vifurushi vingine vyote. Kufika Arusha kitafika. Kifungu cha bajeti kinachohitajika ni cha mtu wa kulipokea boksi lile stendi, kulipima, na kumpigia simu mwenyewe ndani ya wiki mbili bila kumdai shilingi.